Rais Asiyeingia Uwanjani

Kalamonas, siku ya pili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri

Mdogo wangu mpenzi Lazaros,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya dada, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko Melbourne, wewe na wifi yangu Elpiniki pamoja na watoto. Mgongo wako vipi sasa? Nilisikia ulilazwa hospitali wakati wa Pasaka, nikasikia kwa watu dukani, kama vile mimi si ndugu yako. Sisi huku hatujambo. Mvua imechelewa, tumbaku imekauka vizuri, magoti yananisumbua kama kawaida, na mume wangu Pandelis bado anakoroma. Kwa ufupi tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Mwezi wa nane ulinipigia, ukasema nimwambie Avraam kwamba huna tena kaka, kwamba ameiuza klabu ya mpira ya wazee wetu kwa watu wa Petroto, ng’ambo ya mto, kisha ukakata hata sijafungua mdomo. Sikumwambia. Maneno kama hayo mtu huyapeleka mwenyewe, mimi si posta. Na nilijua aliyekujaza: Chariton, kipa wetu wa zamani, ambaye siku hizi kazi yake ni kukaa kutwa kwenye mkahawa wa Theano na simu mkononi. Sasa keti, soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike ukitaka.

Avraam unayemjua wewe ni yule wa magazetini, mshambuliaji wa timu kubwa ya Thessaloniki, mfungaji wa mabao ya kichwa. Unakumbuka mama alivyokuwa akisema kwamba kichwa kile kingetumika shuleni, leo tungekuwa na daktari nyumbani. Avraam aliyerudi huku na goti bovu humjui sana, maana wewe ulikuwa umeshapanda ndege. Siku aliyorudi walimbeba mabegani kutoka kituo cha basi hadi mkahawani, na palepale wakamfanya rais wa klabu. Ukiniuliza mimi, walimpa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Rais wa timu ya kijiji ni nani, Lazaros? Ni mtu wa kupiga chokaa mistari ya uwanja asubuhi, kumtafuta refa aliyepotea njia, na kumbembeleza mama wa beki amwache mwanawe acheze badala ya kuchuma zeituni. Kaka yetu amefanya hayo miaka yote hii, akafanya na mke wake akiwa mgonjwa, na hata baada ya kumzika.

Nikukumbushe na habari ya kengele, kwa kuwa watu wa Kalamonas huisimulia nusu. Wewe ulikuwa nyuma ya lango siku ile tulipocheza kwao Petroto na Avraam akafunga bao la kuwashusha daraja. Ujana ni moshi. Hakushangilia kama watu. Alitoka mbio getini, akavuka barabara, akashika kamba ya kengele ya kanisa lao, akaipiga polepole, mlio mmoja mmoja, vile inavyopigwa kwa maiti. Sisi tulicheka mpaka tukalia. Wao walitumwagia mvua ya maziwa mgando, basi letu likarudi jeupe kama jibini. Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa mkahawani. Nusu ya pili ni kwamba nyumba ya pembeni mwa kanisa ilikuwa ya akina Vretos, na baba yao alikuwa kitandani anaumwa. Aliisikia kengele ile, akamwuliza mkewe ni nani aliyefariki. Watu wakaanza kuingia uani kutoa pole, wakidhani ni yeye. Mzee yule hakumaliza wiki. Petroto mpaka leo wanasema Avraam ndiye aliyemwitia mauti.

Sasa njoo mwaka huu. Mwezi wa kwanza tulikutana mkahawani kukata keki ya klabu ya mwaka mpya, ile yenye sarafu ndani, na anayeipata ndiye mwenye bahati ya mwaka. Padri Iordanis akaibariki, rais akashika kisu. Kama desturi, kila kipande akakitaja kwa sauti: hiki cha Kristo, hiki cha Bikira Mtakatifu, hiki cha Mtakatifu Georgios mlinzi wetu, hiki cha klabu. Kisha, kisu kikiwa kimezama kwenye keki na macho yake yakiwa mbali, akasema: hiki cha Petroto.

Weee! Hata mashine ya kahawa ilinyamaza. Padri akakohoa. Chariton akasimama, akauliza tangu lini tunawakatia keki watu waliowaita bibi zetu mbegu za Waturuki walipofika hapa wakimbizi. Pandelis wangu, Mungu ambariki kwa ujinga wake, akasema labda rais amechoka. Lakini mtu hakipi kipande jina ambalo halilali naye. Uso wa Avraam ulikuwa umeshasema kila kitu, naye si mwongo, hajawahi kujua hata kumdanganya mama kuhusu mayai. Akaweka kisu chini, akakiri kwamba tangu vuli amekuwa akizungumza na Vretos, rais wa Petroto, mtoto wa yule mzee, ili timu mbili ziungane.

Yaliyofuata usiulize. Na kichekesho cha Mungu, kila mtu alivunja kipande chake na hakuna aliyepata sarafu. Vya Kristo na watakatifu navyo vikavunjwa, hamna. Kikabaki kile kimoja kwenye sahani, na wote tukakitazama. Chariton akasema wapewe kuku wa Theano. Padri akasema keki iliyobarikiwa haitupwi. Avraam akakifunga kwenye kitambaa, akavaa koti, akaendesha gari kuvuka mto, akakipeleka Petroto kwa mwenyewe. Nilimwambia ana wazimu. Akanijibu, “Dada, nimekitaja mbele ya padri. Ni chao.”

Vretos, nilivyosikia baadaye, alimfungulia mlango bila kumkaribisha kiti. Akakila kipande kile akiwa amesimama, akauma sarafu, akaitoa mdomoni na kuitazama muda mrefu. Halafu akamwambia Avraam aketi. Walichosema sikukijua siku ile, wala hakuna aliyekijua.

Mkutano mkuu ulifanyika kabla ya mfungo wa Pasaka. Watu walijaa hadi nje, wengine hawajakanyaga uwanjani miaka kumi lakini siku ile wote walikuwa na uchungu wa klabu. Avraam alizungumza kwa utaratibu. Alisema vijana wameondoka kwa sababu ya hali hii mbaya, nusu wako Ujerumani wanaosha vyombo, na kwamba tulishacheza mechi nzima tukiwa tisa. Alisema timu ikikosa watu mara moja tena itafutwa kwenye ligi, na jina litakwenda nayo. Anatoli, Lazaros. Mashariki. Jina ambalo babu na wenzake waliipa timu hata kabla hawajaezeka paa, ili mahali walikofukuzwa pasisahauliwe. Akasema tukiungana, tutachezea uwanja wa Petroto wenye nyasi, lakini jina litabaki Anatoli, na jezi ile ile ya bluu.

Hakuna aliyeamini. Petroto watupe jina? Chariton akauliza wao wanapata nini. Avraam akasema wanapata wachezaji, kwa maana wao nao wamebaki wachache. “Na wewe?” Chariton akauliza, “wewe umepewa nini?” Kaka yetu akasema tupige kura. Tulipiga kura, muungano ukapita kwa tofauti ya kura chache mno, na mimi nilikuwa mmoja wa walionyoosha mkono. Kisha Avraam akatangaza kwamba yeye hatakuwemo kwenye uongozi mpya, kwamba goti linamsumbua na anataka kupumzika.

Basi hapo ndipo walipommaliza. Mtu anaiunganisha timu, halafu anakimbia? Wakasema amekula, tena ameshiba. Chariton akatema mate chini mbele ya viatu vyake. Mtu akaandika MSALITI kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ghala lake la tumbaku. Mkahawani akiingia wanageuza viti. Watu wale wale waliombeba mabegani, Lazaros! Na yeye anakunywa kahawa yake, anaondoka. Nilimkaripia ajitetee. Aliniambia funika kombe mwanaharamu apite. Nami nikaona haya, nakuambia kweli, nikaanza kidogo kuamini kwamba ana jambo la kuficha.

Jumapili iliyopita ilikuwa mechi ya kwanza ya Anatoli mpya, huko Petroto. Nilikwenda na Pandelis. Tulipofika karibu na uwanja nikamwona kaka yetu amesimama peke yake barabarani, nje ya uzio wa waya, upande wa kanisa, kofia mkononi. Kijana wa tiketi alikuwa hatua chache tu. Nikapandwa na hasira. Nikamwendea, nikamshika mkono wa koti, nikamwambia aingie, watu wanamcheka, rais mzima amekaa nje kama mbuzi wa jirani. Akang’ang’ana mahali pale. Nikamvuta, akashika waya. Nikamwambia kama ni hela ya tiketi nitamlipia mimi. Pandelis akaingia ndani, alijua kinachokuja.

Akaniambia nikae kimya na niape kwa mifupa ya mama. Nikaapa. Ndipo akanieleza alichotaka Vretos siku ile ya kipande cha keki. Vretos alimwambia, “Jina chukueni. Jezi chukueni. Ila mtu aliyempigia baba yangu kengele akiwa hai asiwe na cheo chochote katika timu, na asikanyage uwanja huu mpaka mimi nife.” Avraam alikubali pale pale, wakapeana mikono. Nilimwuliza kwa nini hakuusema ukweli mkutanoni. Akaniambia, “Ningesema, Simela, nani angenyoosha mkono? Wangekataa kwa ajili yangu. Wangepiga kelele, wangenibeba tena mabegani, na mwezi wa tatu timu ingekuwa imekufa.” Akasema pia kwamba Vretos ana haki. Kwamba kwa miaka yote hii kila alipopita mbele ya nyumba ile aligeuza uso, na sasa walau anaweza kuitazama.

Umeelewa, Lazaros? Hakuuza kitu. Alilipa yeye. Kila kitu alichokuwa nacho hapa kijijini, cheo chake, kiti chake mkahawani, heshima yake, vyote alivitoa ili neno moja libaki kwenye jezi. Nililia pale barabarani kama mtoto, na sioni aibu kukuambia.

Mechi ilikuwa mbovu, tuache kudanganyana. Upepo, pasi za hovyo, refa kipofu. Lakini kuelekea mwisho, mpira wa kona ulipigwa, na kijana mmoja wa Petroto, mrefu, mwana wa mfinyanzi, akaruka na kuupiga kwa kichwa ukaingia. Avraam alikuwa ameubana waya kwa mikono yote miwili. Na jukwaa zima likasimama, watu wa Petroto, Lazaros, wajukuu wa wale waliomtupia bibi yetu Parthena mawe kisimani, wakapiga kelele kwa pamoja: Anatoli! Anatoli! Bibi wazee wa nguo nyeusi, watoto, na Vretos mwenyewe mstari wa mbele, ngumi juu. Jina letu, midomoni mwao. Nikamtazama kaka yetu. Alikuwa anafuta macho kwa kofia, anasema tu, “Sikia. Hebu sikia.”

Mimi nimevunja kiapo cha mifupa ya mama kwa kukuandikia haya, na nitaungama kwa padri Iordanis kabla ya Krismasi. Dhambi hiyo naibeba kwa hiari, kwa sababu wengine wamfikirie wapendavyo, lakini wewe hapana. Wewe ni damu yake. Chariton usimwambie hata nusu neno. Akijua, atalisambaza jambo hili mkahawa mzima, watavunja muungano kwa kumpenda, na kaka yetu atakuwa ameyanywa machungu yote bure. Mpigie simu Avraam. Usimtaje Vretos, wala usiombe msamaha, atashuku. Mwulize tu timu imecheza vipi. Atakusimulia mpaka uchoke.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie zile soksi za sufu ziko njiani. Wabusu watoto, na yule mdogo mwambie shangazi anamwekea njugu. Pandelis anakusalimu, na majirani wote wanaokukumbuka. Mungu na Bikira Mtakatifu wakulindeni ugenini.

Jumapili ijayo tunacheza tena nyumbani, yaani Petroto. Tiketi sitanunua. Nitachukua viti viwili vya jikoni na chupa ya chai, niketi na kaka yetu upande wa barabara.

Dada yako akupendaye siku zote,
Simela