Neema Haumwi Kichwa

Chechelesi, Isiolo
Jumapili mchana

Mama yangu,

Habari ya baridi ya Molo? Mimi huku nimeanza kusahau baridi inakaaje. Nasikia viazi vimechomwa tena na baridi na kwamba goti lako limerudia maneno yake. Wafula ameniambia kwa simu, lakini nikimwuliza kama unalipaka ile dawa niliyotuma anacheka tu, kwa hivyo najua huipaki. Ipake, Mama. Mimi niko mzima, nakula, nalala, jua ndilo halinihurumii. Binti yangu Neema nilimwona kwa video akikimbiza kuku wako, nikafurahi siku nzima.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua na simu iko. Simu ya juzi tuliiharibu. Wewe ulilia, mimi nikapandisha sauti, mtandao ukakatika, na kila mtu akabaki na hasira yake. Nimesema nataka Neema aje tukae naye hapa Isiolo aanze shule, na wewe umesema humtoi mpaka shida ya kichwa chake iishe. Tena hata ikiisha, humpeleki kwa watu wa bunduki mtoto asiyesikia mlango ukigongwa. Maneno hayo sijayasahau. Nataka nikujibu polepole, na usome mwenyewe kwa miwani yako. Usimpe Wafula akusomee, huyo kaka yangu huruka kurasa.

Nianze na watu wa huku. Mwenye nyumba wangu anaitwa Halima, ni Mborana, mwalimu wa shule ya msingi, mjane kama wewe. Siku niliyohamia aliniuliza, "Wewe umetoka Kenya lini?" Nikamwambia hata hapa ni Kenya. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Hapa mtu akiteremka kwenda huko kwenu wanasema ameenda Kenya, na hawasemi kwa ubaya, wamezoea tu kuwa mbali. Mimi wakaniita nywele ngumu, ndivyo wanavyowaita watu wa kutoka huko. Mwanzoni iliniuma. Halafu nikakumbuka majina ambayo watu wa Molo wanawaita watu wa huku, wengine wakiwa hawajawahi kumwona hata mmoja, nikaona hakuna wa kumcheka mwenzake.

Huyu Halima ana ugonjwa wa podikasti. Hiyo ni kama kipindi cha redio, ila kinakaa ndani ya simu na unakisikiliza saa ile unayotaka. Anasikiliza akifua, akipika, akimkaripia mbuzi wake. Siku moja nilimkuta anasikiliza mama mmoja mweusi anayeishi ng'ambo akieleza jinsi wenzake wa kazini wanavyomshikashika nywele bila kumwuliza. Halima akazima simu, akanitazama kichwani, akasema, "Eh. Hii maneno iko hapa kwangu." Kuniita nywele ngumu hajaacha, lakini sasa huniuliza kwanza kama leo niko na roho ya kutaniwa. Kuna siku namwambia sina, naye ananyamaza.

Tukaanza hivyo. Jumamosi jioni watu wachache tunakaa kwenye mkeka uani kwake, tunasikiliza kipindi kimoja, tunabishana. Wengine huazima vitabu maktaba na kutueleza walichosoma. Ni habari za rangi, kabila, dini, na za watu wenye ulemavu. Si mambo makubwa unavyofikiri. Wiki moja tulijadili kwa nini duka la dawa hapa mtaani lina ngazi kama mnara ilhali wanaohitaji dawa ndio wasioweza kupanda. Mwenye duka mwenyewe alikuwepo, na alikasirika, na baadaye akaweka mteremko wa saruji. Halima anautembelea kama ni wake.

Sasa sikiliza aibu yetu. Halima alisema haifai sisi kuongea juu ya watu wasiosikia bila mmoja wao kuwepo. Sote tukasema ni kweli kabisa. Tukamwalika Guyo, ambaye ni broka, dalali wa mbuzi hapa sokoni, mtu wa kijiji cha Biliqo, hasikii tangu utotoni. Akaja amepiga shati pasi, saa inang'aa, marashi unayasikia kabla hajafika. Tukampa mahali pazuri. Halafu Halima akaweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti itoke vizuri, na sisi watu wenye akili timamu tukakaa tukimsikiliza mtu wa redio akieleza jinsi viziwi wanavyoachwa nje ya mazungumzo. Kipindi kizima, Mama! Tunatikisa vichwa kwa huruma. Guyo anakunywa chai, anamkagua mbuzi wa Halima kwa macho.

Kipindi kilipoisha Halima akamgeukia kwa heshima zote na kumwuliza maoni yake. Hapo ndipo sote tuliona tulichofanya. Guyo akaichukua ile simu kwenye bakuli, akaigeuza, akaichungulia chini, akairudisha. Kisha akanyoosha kikombe aongezewe chai. Halima aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, sijui ni kucheka au kulia.

Mimi ndiye niliyeshangaa kuliko wote, kwa sababu namjua Guyo kwa kazi yangu ya mifugo. Nikienda sokoni kukagua mbuzi kabla hawajapakiwa kwenye lori, yeye ndiye wa kwanza kunisumbua nimalize haraka. Na sikuwahi kumfikiria kama kiziwi. Nikueleze sababu. Hapa bei ya mnyama haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shuka, wanabonyezana vidole, na kila kidole kina thamani yake. Aliyesimama kando haoni chochote, anaona nyuso tu. Wanabishana hivyo kimya, mmoja anachomoa mkono kwa hasira, anarudisha, mpaka wakubaliane. Guyo ni hatari kwa kazi hiyo. Anasoma uso wa mtu kabla vidole havijafika, na wapo wanaokataa kabisa kufanya biashara naye kwa sababu wanasema anawamaliza. Ni mjanja, ana maringo, hupenda kusifiwa. Sokoni hana upungufu wowote. Alikuja kuwa kiziwi pale kwenye mkeka wetu, na waliomfanya hivyo ni sisi na bakuli letu.

Siku hizi anakuja mwalimu wa darasa la watoto wasiosikia kututafsiria kwa lugha ya ishara, na Halima husikiliza kipindi mapema akatuandikia kwa ufupi kwenye ubao. Guyo amejifanya mwenyekiti. Mkiongea wawili kwa pamoja anapiga mkeka kwa kiganja, mnanyamaza. Huyo mwalimu ndiye ningependa amfundishe Neema. Nimekaa darasani kwake asubuhi moja. Watoto wana kelele za mikono, wanagombana, wanasengenyana, wanachekeana. Nilisimama mlangoni nikilia, kwa sababu sijawahi kumwona Neema akigombana na mtoto mwingine kwa maneno. Yeye husukuma tu, au huondoka.

Kuhusu bunduki siwezi kukudanganya. Kuna wizi wa mifugo huko mbali malishoni, na kuna siku mji unakuwa na wasiwasi. Lakini Mama, wewe na mimi tulilala kwenye sakafu ya kanisa huko huko Molo wakati wa ghasia za kikabila, na waliotufukuza walikuwa wanatusalimu kila siku kwa majina. Na aliyetufungulia ghala lake hakuwa kabila lako wala la Baba. Hapa nikichelewa kurudi kutoka Kulamawe kuchanja mifugo, Halima hapendi, anapiga simu mpaka nione haya. Nilipomweleza hofu yako alisema, "Mwambie mama yako hiyo mtoto atalala kwa nyumba yangu, na mimi nalala usingizi kidogo sana." Kisha akaenda kuuliza fundi kama kuna taa ya kuwaka mtu akibonyeza kengele ya mlango. Ipo. Ameshaifunga, na anaibonyeza bila sababu.

Sasa nije kwenye kichwa.

Niliazima maktaba kitabu kimoja juu ya watoto wasiosikia. Mahali fulani mwandishi anasema hivi: mtoto kiziwi akilelewa na watu wasiojua lugha ya ishara, hakai bubu akingoja afundishwe. Anajitungia mwenyewe. Anatunga ishara ya maji, ya mbwa, ya kutaka kwenda nje, na anawapa watu wa nyumbani majina, kila mmoja kwa kitu anachokiona kwake. Nyumba nyingi hazijui. Wanafikiri mtoto anachezacheza mikono.

Nilikiweka kitabu chini nikatafuta ile video aliyonitumia Wafula, ile ya kumwonyesha daktari. Unakumbuka, Neema amesimama kwenye mlango wa jikoni, anapitisha viganja viwili kutoka kwenye paji la uso kuelekea kisogoni, halafu huko nyuma anavuta kama anakaza kitu. Anafanya tena. Anakunja uso. Wewe ukasema ni kichwa kinambana. Zahanati hawakuona kitu. Ukampa dawa za maumivu, akina mama wa kanisa wakamwekea mikono, akazidi. Ulimfunga kitambaa kichwani ili apate nafuu, akakivua, akakuvika wewe. Ukaniambia hata kuhurumiwa hataki.

Na Wafula aliniambia neno moja ambalo nilipita nalo. Alisema, "Kichwa chenyewe humuuma wakati Mama, Shosho wake, yuko sokoni. Akirudi kinapona."

Mama, simama kidogo hapo ulipo, ujifunge kitambaa chako. Fanya kama kila asubuhi. Uone mikono yako inapita wapi.

Nilitaka kuwa na hakika, kwa sababu mzazi anaweza kujidanganya kwa hamu. Nikampelekea Guyo video sokoni, sikumweleza kitu. Aliitazama mara moja tu. Akanionyesha mama anayeuza chai pale, mzee, kitambaa kimefungwa nyuma. Akafanya kama Neema, kwenye paji la uso, nyuma, akakaza. Kisha akafungua viganja vyote viwili na kutazama huku na huku, kama mtu anayetafuta. Akaniangalia kama anashangaa ni nini nisichoelewa.

Neema haumwi kichwa. Anakutaja. Akifanya hivyo mlangoni anauliza Shosho yuko wapi, na sisi tunampa dawa. Mtoto amekuwa akikuita kwa jina sijui tangu lini, na hasira yake yote ni kwamba anaita na hakuna anayeitika. Nilipoelewa nilikaa juu ya gunia la chumvi ya mifugo nikalia mbele ya mabroka, na Guyo akanifunika kwa lile shuka lake la biashara ili watu wasinione.

Kwa hivyo dawa achana nazo. Ukimaliza barua hii, usimtume mtu amwite. Nenda mwenyewe, simama mbele yake aone uso wako, jifunge kitambaa hewani kama yeye anavyofanya, halafu ujiguse kifuani. Ndiyo, mimi hapa. Ni hivyo tu.

Shule zikifungwa nitakuja Molo. Sitamchukua kwa nguvu, na nikikuta bado hutaki, tutaongea tukiwa tumekaa chini. Lakini kichwa kisiwe sababu tena. Tena njoo naye, ukae hapa mpaka azoee. Halima ameniuliza kama unakula nyama ya ngamia. Nimemwambia utakataa siku ya kwanza.

Nisalimie Wafula, na umwambie neno lake lilisaidia kuliko daktari. Nisalimie mkewe na yule mtoto wao mchanga ambaye sijambeba. Wasalimie akina mama wa kanisa, wasione vibaya, maombi yao hayakupotea. Salamu pia kwa jirani yetu mzee wa ghala. Halima anakusalimu, Guyo pia amenyoosha mkono, lakini usiushike chini ya shuka.

Nimebakisha jambo moja, nimelizungusha tangu mwanzo wa barua kwa sababu naliogopa. Kama kila mtu wa nyumbani amepewa jina, mimi ninayekuja Krismasi na kuondoka, sijui kama ninalo. Mwonyeshe ile picha yangu iliyo ukutani. Usimguse, usimsaidie, angalia tu mkono wake utafanya nini. Mkono ukifanya kitu, hata kidogo, niandikie vile ulivyofanya. Mkono usipofanya chochote, niambie hivyo hivyo.

Mimi binti yako, kwa sasa jina ni lile ulilonipa wewe,

Nekesa