Maneno ya Kukunjia Shuka

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya mapokezi hapa hotelini imetangazwa. Moja tu. Usaili Ijumaa, kwa Kiingereza. Kutoka huku chini kwenye kufulia tumeomba wawili: mimi na Kidoti.

Na ndiye ninayejifunza naye! Tukikunja shuka za wageni, mimi nashika ncha huku, yeye kule. Mmoja anatoa maana, na kabla ncha hazijakutana mwenzake awe ameshatoa neno la Kiingereza na visawe viwili. Ukishindwa, foronya zote unakunja wewe.

Leo kanipa neno jipya, "candid". Eti ni mtu asiyeficha lililo moyoni. Visawe "frank" na "open". Akasema Ijumaa wakiniuliza tabia yangu nilitoe hilo. Neno zuri hivyo – mbona hajajiwekea mwenyewe?

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza shemeji, anayeendesha gari la wageni. Hajawahi kulisikia. Akasema huyo mwenzangu ananipiga changa la macho.

Basi nikaanza kuunganisha. Jana alikuwa anacheka na msimamizi wetu ngazini, nilipotokea wakanyamaza. Kamusi tunayosomea ni yake na haitoki mkobani. Simu zetu sote ni za kubonyeza, nitahakikishia wapi?

Haya. Mchana, kwenye shuka za ghorofa ya pili, nikampa "negligent". Maana yake naijua – msimamizi aliniita hivyo nilipounguza pazia. Mzembe. Kidoti nimemwambia ni mtu makini sana, kisawe chake "careful". Amelirudia mpaka ncha zikakutana. Akasema, asante dada.

Jumatano, 5 Machi

Ameniazima kamusi. Sikumwomba. Nikae nayo hadi Ijumaa, yeye keshasoma vya kutosha.

Sijaifungua. Mtu hatoi kitu chake wiki ya usaili hivi hivi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeifungua asubuhi, chai ikipoa. "Candid" ipo. Maana ni ile ile aliyonipa. Visawe ni vile vile.

Nimeona aibu, peke yangu jikoni.

Nilikwenda kazini nimeazimia kumwambia. Tukashika shuka, nikafungua mdomo – likatoka neno jingine kabisa. Kwani ningemwelezaje? Na vile vicheko vya ngazini bado sijavielewa. Halafu mvuke wa huku chini umenimaliza kifua. Ile meza ya mapokezi naitaka, niseme tu ukweli. Naitaka mno.

Kesho nitamwambia. Kabla hajaingia.

Ijumaa, 7 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya meneja. Nimefika nikakuta wameshamwita. Nilikuwa nimeamini wataanza na mimi – sijui nani aliniambia hivyo. Labda nilijiambia mwenyewe.

Sauti yake naisikia, maneno siyapati. Anaongea bila kusita. Kisha anasikika meneja, anauliza kitu.

Ametoka. Kakaa karibu yangu, bega kwa bega. Nikamuuliza, vipi? Akasema lile neno langu, "negligent", kalitoa mapema, walipomuuliza anavyotunza mizigo ya wageni. Meneja akaweka kalamu chini, akamuuliza maana yake anaijua? Akajibu: mtu makini. Akaulizwa kafundishwa na nani.

"Nikawaambia ni wewe, dada. Sikutaka wadhani nimejifunza peke yangu."

Na "candid" hakuligusa. Kaniachia.

Nimeshindwa kumtazama. Nimejifanya natafuta kalamu, na kalamu ninayo mkononi. Sasa naandika ili asinisemeshe.

Lakini mbona anatabasamu? Amejua? Hawezi kujua, kamusi ninayo mimi, hii hapa mapajani. Au wamemwambia humo ndani? Au hajaelewa chochote, ananifurahia tu? Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote.

Mlango umefunguliwa. Nilidhani ni zamu yangu. Msimamizi katoa kichwa, kasema tuingie wote wawili, na mimi nije na hiyo kamusi.

Kidoti keshasimama. Ananiweka sawa kola. Anasema nisiogope, niseme tu lililo moyoni, kama nilivyo –