Uliposema Hutanii

Mjukuu wangu mpendwa, Masanja,

Mimi mzima. Mguu wa kushoto unaniuma, lakini haujafikia kuniuma kama wewe. Barua hii anaiandika mke wa katekista wetu hapa Usinge, maana mkono wangu haujui kalamu, na hilo ulishawatangazia watu. Nimemwomba akimaliza aisome kanisani baada ya sala, mbele ya wale wale uliowahutubia, ndipo aitie kwenye treni ije kwako Tabora. Uliniumbua hadharani. Siwezi kukujibu uvunguni.

Unakumbuka ulivyokuwa ukila kwangu kila siku? Ulidai ugali wa mama yako ni uji uliokosa bahati. Ukikuta nsansa, mboga yetu ya majani makavu, haina karanga unasukuma bakuli: "Mke gani huyu! Namwacha leo!" Nami najibu, "Niache, mume kibogoyo wewe, ukapikiwe na nyani!" Meno yako ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili. Wapita njia walikuwa wanasimama kutusikiliza. Hivyo ndivyo bibi na mjukuu wanavyopendana kwetu. Mama yako hakuthubutu kuniita hivyo, wala baba yako niliyemzaa. Wewe tu ndiye uliyekuwa na ruhusa.

Na ule mwaka wa mvua nyingi tulipokwenda porini kuokota uyoga. Uliona mmoja mweupe, mzuri kama sahani ya mzungu, ukautia mdomoni. Nilikupiga kofi uyoga ukaruka mpaka kwenye nyasi. Ulilia njia nzima. Jioni nikakukalisha, nikakuonyesha mmoja mmoja, huu una pete shingoni, huu una kikombe chini, huu uule, huu uukimbie. Kesho yake ukawafundisha wenzako na kujifanya umezaliwa ukijua. Nilicheka, nikakuachia sifa.

Sasa tuje kwenye sikukuu ya mavuno. Ulishuka kwenye treni na suruali ndefu na viatu vinavyolia, mwalimu kamili. Padre akakuomba useme machache juu ya maisha mema. Nilikaa mstari wa mbele kabisa, nimejifunga kanga mpya, nawaambia wenzangu, "Mume wangu huyo, mtamsikia."

Ukasema mtu hakuumbwa apitishe siku tu, bali astawi. Ajue, achague, awe huru. Nilitikisa kichwa, maneno mazuri. Kisha ukaninyooshea kidole. Ukasema, "Mtazameni bibi yangu. Amebeba, amelima, amezaa. Hajui kitu nje ya jembe lake. Hajachagua hata jambo moja. Huyu hajaishi, amepitisha siku."

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi nilidhani ni utani! Nilijiambia, ah, shule haijamharibu mume wangu, ananichokoza hata mbele ya padre. Nikapiga vigelegele. Nikainuka, nikakata kiuno, nikakujibu, "Na hizo siku nilizopitisha, si ndizo nilizokubeba mgongoni ukinikojolea, mume mbovu wewe!" Kanisa zima likaangua kicheko. Padre mwenyewe alijifuta macho.

Wewe hukucheka. Ulisema, "Bibi, kaa chini. Sitanii."

Nilikaa, Masanja. Mke wa katekista anashuhudia, alinishika mkono. Watu wote wakawa wanatazama sakafu. Jioni ukapanda treni, hukupita hata kuniaga.

Tangu siku ile nimekuwa nikilima na kujiuliza: je, ni kweli? Sikukurukia kwa hasira tu, nimefikiri. Kusoma nilitamani, sikatai. Nikiona unavyotazama karatasi ukacheka peke yako, roho yangu ilikuwa inasogea karibu ichungulie. Hilo nililikosa, na lina uchungu.

Lakini sijachagua? Babu yako alipofariki ndugu zake walikuja kunirithi pamoja na mbuzi. Nilichukua jembe na mtungi wangu, nikaenda kujenga hapa unapopajua. Sikumwomba mtu ruhusa. Wewe ulikuwa hujazaliwa, lakini ungeuliza.

Na yapo mambo sikuyachagua, kweli. Nilimfuata babu yako kwenye misafara alipokuwa mpagazi, masufuria kichwani na tumbo mbele. Baba yako alizaliwa njiani, Ugogo, karibu na kisima cha maji ya chumvi. Asubuhi msafara ungeondoka, nami ningeachwa. Wanawake wa kambini, wengine siwajui hata kwa jina, waligawana mizigo yangu, wakaniweka katikati, wakaniimbia mwendo mzima. Damu inanitoka, miguu imevimba, nami nacheka na mtoto wangu kifuani. Hapo sikuishi? Basi niambie, mwalimu, yule aliyekuwa anacheka alikuwa nani.

Ulisema habari ya kustawi kama vile ni neno la kitabuni. Mimi ninalima. Bua la mahindi likiota peke yake, mbali na mengine, linaweza kurefuka likapendeza, lakini livunje uone: hindi lina mapengo. Punje zinajazwa na majirani. Siku ile ulisimama mrefu sana, mjukuu wangu.

Sasa nimepata salamu zako kwamba unaoa baada ya masika. Unanitaka nije nizuie mlango kama ada, nishike mwiko, nipige kelele kwamba mume wangu haoi mpaka mke mkubwa aridhike. Unataka wageni wako wacheke. Hapa mke wa katekista ameniuliza, "Bibi, niandike na hili?" Nimemwambia andika, tena kwa herufi kubwa. Utani wangu si koti la sherehe, ulivae siku ya harusi na siku ya padre ulitupe mavumbini.

Ukiutaka, treni unaijua. Njoo usimame pale pale uliposimama, useme ulichokosea, kwa mdomo ule ule. Mimi sina kinyongo kirefu, utakuta nsansa ina karanga.

Usipokuja, bado harusini nitafika, maana binti wa watu hajanikosea. Nitamletea asali. Lakini mlango sitauzuia. Nitapita kando, nitakuamkia kwa adabu kama ninavyomwamkia Bwana Shauri, mkubwa wa serikali, nitakaa nilipoonyeshwa. Watu watakuuliza mbona bibi yako yuko kimya. Utawajibu wewe, kwa kuwa kuhutubia unajua.

Kula ushibe, nasikia umekonda. Mungu akulinde hata ukiwa mpumbavu.

Ni mimi bibi yako, niliyemzaa baba yako njiani.