Namna Sauda Anavyosema Mama

Jumapili. Mawingu yamelala juu ya Arua tangu asubuhi. Mvua haishuki, jua halitoki. Nami niko hivyo hivyo. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu, nikazianua zikiwa mbichi, nikazianika tena.

Kesho mama mkwe anakuja kutoka Koboko pamoja na Sauda, binti yangu wa miaka minne. Sijui kama anamleta abaki, au anamleta anisalimie tu kisha aondoke naye.



Acha nieleze toka mwanzo, labda nami nitaelewa. Kwa ukoo wa mume wangu, Wanubi wa Koboko, mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa nyanya yake akae huko mpaka atulie. Sauda alikwenda akiwa na miaka miwili, na ilikuwa akae kidogo tu. Nikashika mimba nyingine, ikanilaza hospitali, nikajifungua kwa upasuaji, siku zikajivuta. Mume wangu ni dereva wa lori, na Juba inamwona kuliko ninavyomwona mimi. Bila mama mkwe sijui ningefanyaje. Namshukuru, na nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika.

Sasa Sauda amefikia umri wa kuanza chekechea. Arua au Koboko? Akianza huko, ndiyo basi. Atakuwa mtoto wa huko, nami nitakuwa mgeni wake wa sikukuu.

Mimi nauza vitenge sokoni, na masikio yangu ndiyo yananilisha. Mteja akitamka neno moja tu la nyumbani, najua ametoka wapi. Wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, atawanunulia "mutoto" na "muke". Wa kwetu Logiri hatuna sh ya kutegemewa, tunasema "sangazi" na "semeji". Wa Koboko anaivuta mama yake pale mwanzoni, "maama", kama anayekuita kutoka mwisho wa shamba. Nikishajua atokako, najua nimtanie vipi na bei nianzie wapi.

Jana nilikwenda Koboko. Nilipoingia uani, Sauda alikuja mbio, akapiga magoti, akanipa mkono, kama alivyofundishwa kumsalimia kila mwanamke anayeingia pale.

"Maama, karibu."

Halafu akarudi kwenye mchezo wake.

Koboko mtupu. Nusura nimtajie bei. Nacheka ninapoandika, lakini jana sikucheka. Nilimsikia mwanangu mwenyewe nikamjua kama ninavyomjua mteja, kwa mahali atokako.

Nikamwita, nikamshika mikono. "Si maama. Sema mama." Akasema vile vile. Nikarudia, naye akarudia, ikatoka ile ile ya Koboko. Nilipomlazimisha tena, midomo yake ilicheza na sauti haikutoka.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Wacha mtoto. Sisi hapa nasema hivo. Baba yake pia nasema hivo, na wewe nakubali kuolewa na yeye."

Ni kweli. Ningenyamaza hapo ningekuwa salama, lakini mdomo ukaniponza. Nikasema, "Mama, nimekuja kumchukua."

Anayeijua nyumba ile ameshajishika kichwa. Mtoto aliyepelekwa kuachishwa ziwa hadaiwi. Nyanya humrudisha mwenyewe, siku anayoona yeye, amemwogesha, amemvisha nguo mpya, na vitu vyake vimefungwa kwenye kanga. Mama mtu akienda kumdai, ni kama anasema mtoto hatunzwi. Ikibidi sana, hutumwa shangazi wa mume, naye huzunguka maneno mpaka yaeleweke bila kusemwa. Mimi nikayamwaga pale pale mbele ya mchele.

Aliweka ungo chini, akachota maji ya kutawadha, akaenda kusali alasiri. Nikabaki peke yangu mkekani. Huko nyuma ya nyumba nilimsikia Sauda akiwagombeza kuku, sauti imejaa. Nilipomfuata akanyamaza.

Nikiri jambo. Kinachoniuma si shule. Nilipoolewa, mawifi walicheka "semeji" yangu mpaka machozi. Hawakuwa na ubaya, ni utani tu wa mawifi. Lakini nilijifunza kuongea kama wao, na nikirudi Logiri mama yangu ananiuliza kama nimeolewa au nimeandikwa jeshi la Koboko. Nikajiapiza kwamba mtoto wangu atakuwa na mdomo wangu, angalau yeye. Sasa namwonea wivu mwanamke aliyenilelea mwanangu vizuri.

Haya, nimeandika.

Asubuhi mume wangu alipiga simu. "Mama nasema kesho nakuja na Sauda."

"Anakuja na vitu vyake?"

"Vitu gani?"

Wanaume. Kwake mama yake anakuja, basi. Kwangu kila kitu kipo kwenye hiyo kanga: akishuka nayo, mtoto amerudishwa, akishuka mikono mitupu, amekuja kuzungumza, na huenda mazungumzo yenyewe yananihusu mimi na ulimi wangu. Nimetandika kitanda kidogo, nikakitandua, nisije nikaonekana nimejipa uhakika. Nimeweka tayari sukari na sabuni za kumwomba radhi.

Jioni hii nikajikaza kisabuni, nikapiga simu Koboko. Mama mkwe aliitika kwa upole, akaulizia kichanga, ya jana hakuyagusa. Nikaomba kuongea na Sauda.

Simu ikabadilisha mikono. Nikasikia pumzi tu. Kisha nikamsikia akinong'ona, haneni nami, anamuuliza nyanya yake, "Haboba, nasema mama ya wapi?"

"Sema ile yako," mama mkwe akamwambia.

Nami nikadakia haraka, "Sema yoyote, mwanangu. Zote ni mimi."

Akafikiri. Akaniuliza kama mtoto mdogo amelala. Nikamwambia amelala. Akanisimulia kuhusu kuku aliyeangua, na kifaranga mmoja asiyetaka kufuata wenzake, na jinsi Haboba alivyomweka ndani ya kofia ya zamani ya Babu. Alisimulia vizuri, kwa Kiswahili chake cha Koboko, na kilikuwa kitamu masikioni. Ila kila alipolikaribia lile neno alisita, akalizunguka, akaendelea na kuku. Simu ilikatika bila yeye kuniita chochote.

Nimekaa kitandani na simu mkononi. Mtoto wangu anaogopa kuniita asije akakosea, na aliyemtia hofu hiyo ni mimi, tena kwa kumshika mikono.

Kesho nitampokea mama mkwe kwa magoti, awe na kanga au asiwe nayo. Sauda nitamwandalia chai, nitakaa karibu naye, na sitamsahihisha neno lolote. Hata akirudi Koboko jioni ile ile, nitajua nyanya yake anamtunza.

Lakini ataniita tena?