Mkuki wa Kuangulia Avokado

Masara, Jumapili jioni. Asubuhi kulinyesha kidogo, udongo ukawa mzito kwenye majembe. Nina hasira, na leo sitaki mtu aniambie niitulize.

Tumemzika baba bila Ouma.

Ouma ni kaka yangu, kifungua mimba. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia kumtupia baba yake udongo. Leo aliyetangulia ni mama, na nusu ya udongo ikamwangukia miguuni.

Mwezi huu kampuni ya dhahabu ilikuja na tingatinga na walinzi wenye bunduki kuzungushia ua shamba letu la njugu. Baba na majirani walisimama mbele ya tingatinga wakiwa na majembe, kwa sababu walikuwa wanapalilia. Walinzi wakafyatua risasi, baba akaanguka. Jioni taarifa ya habari ikasema mchimbaji haramu ameuawa akivamia mgodi. Baba aliogopa hata shimo la choo likiwa halijajengewa! Na alichokivamia ni shamba alimozaliwa.

Ouma hakukubali jina hilo limfuate mzee kaburini. Akampigia simu mwandishi wa televisheni, akamwalika Alhamisi kwenye tero buru.

"Wacha waje waone," aliniambia. "Mwizi haliliwi hivi."

Mzee akifa, wanaume wetu hupeleka ng'ombe uwandani, wanakimbia na mikuki na ngao, wanapiga kelele kukifukuza kifo kitoke bomani. Hiyo ndiyo tero buru. Adui ni kifo, hakuna mwingine. Ouma aliongoza akiwa na mkuki wa baba, ule wenye kutu ambao mama huangulia avokado. Alikuwa analia waziwazi. Mwandishi akapiga picha, akala samaki wa ngege na ugali, akaongezwa, akasema poleni sana.

Jioni tukajipanga mbele ya televisheni kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ouma akatokea, mdomo wazi, mkuki juu. Kilio walikuwa wamekitoa, wakaweka ngoma za kutisha. Vijana wenye silaha wajiandaa kushambulia mgodi, Migori. Hivyo ndivyo nchi ilivyoambiwa.

Ijumaa asubuhi polisi walimchukua, yeye na mkuki.

Nilienda kituoni kumwombea aachiliwe azike tu, kisha wamrudishe. Afisa aliyenisikiliza ni Mjaluo mwenzetu wa Homa Bay. Nilipoanza kumweleza tero buru, alinikatiza.

"Ang'eyo, nyamera. Najua, dada yangu. Hata mzee wangu tulimkimbilia hivyo hivyo mwaka jana. Lakini mkubwa ameona kwa TV."

Angekuwa hajui, ningemsamehe.

Kusubiri hatukuweza. Ua unazungushwa Jumatatu, na mama alitaka kaburi litangulie ua. Jana ilikuwa Sabato, nasi Wasabato hatuziki siku hiyo, kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho.

Na yule mwandishi akarudi! Shati limepigwa pasi, uso wa huruma. Nilimkamata mkono kando ya hema.

"Sister, ile kichwa ya habari si mimi niliandika," akasema. "Hiyo ni watu wa Nairobi."

Kisha, bila aibu, akaniuliza kifungua mimba ni yupi, ampige picha akitupa udongo.

Nilimwambia amtafute kwenye kamera yake. Nilitamani sana kumsukuma ndani ya kaburi lenyewe, na ninaandika hivi hapa kwa sababu ni kweli. Wala sijutii.

Taarifa ya jioni hii imetuonyesha kwa muda mfupi tu. Mwanamume mwenye sauti nzuri amesema mtoto mkubwa wa marehemu hakuonekana mazishini. Hakusema yuko wapi. Nchi nzima sasa inajua kwamba Ouma ni mtoto asiyemzika baba yake.

Mama hakifahamu vizuri Kiswahili cha televisheni. Ameniuliza wamesemaje. Nimemwambia wamesema mzee amezikwa vizuri, na watu walikuwa wengi. Amefurahi, akaomba tumwekee Ouma nyama.

Kesho tingatinga linarudi. Mkuki uko kituoni, ni ushahidi. Majembe tumeyaosha, yameegemezwa ukutani, na langu ni lile la mwisho karibu na mlango.