Jicho la Radha

Jumatatu, 3 Juni

Nimefaulu! Shule imekwisha. Nikamkumbusha Baba ahadi yake, kwamba nikimaliza nitakaa naye kwenye ubao wa kuchorea. Hakuinua uso. Niendelee kusaga rangi na kuchora majani kwenye picha, akasema. Macho, hapana. Kufungua macho ya miungu, yaani kuyachora mwisho kabisa ili picha ipate uhai, ni siri ya ukoo, na mimi nitaolewa, nitaipeleka kwa watu.

Kaka Lokesh akacheka: "Usinune, bibi harusi!"

Alhamisi, 6 Juni

Mikono ya Baba inatetemeka siku hizi, kwa hiyo leo Kaka ndiye aliyeoga alfajiri, akafukiza ubani, akafungua jicho la Radha. Mungu Krishna yuko chini ya mti na filimbi, mpenzi wake Radha anamchungulia, ng'ombe kasimama kati yao. Majani ya mti ule ni yangu. Kila jani! Lakini nilitolewa chumbani. Nikachambua maharage.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu! Bwana Mehrotra, mnunuzi wetu wa Delhi, ameiangalia picha kwa lenzi, akaangua kicheko. "Lokesh, Radha wako kampenda ng'ombe?" Kweli — jicho limeshuka mno. Kaka akasingizia unyevu wa karatasi. Karatasi!

Baba akaomba apewe hadi Jumapili. Kisha akanifuata jikoni, sauti chini.

"Umekuwa ukichungulia miaka yote hii, sivyo?"

Nikaendelea kusugua sufuria.

"Basi lirekebishe. Jina litabaki la kaka yako."

Hakuniangalia aliposema hivyo.

Jumapili, 9 Juni

Nimelifanya. Nililikwangua taratibu, nikapaka rangi nyeupe, nikangoja ikauke. Kisha brashi ya manyoya ya kindi, ile yenye ncha ya unywele mmoja. Nikabana pumzi. Sasa Radha anamwona Krishna — anamwona hasa! Mkono haukutetemeka. Nililia baadaye.

Bwana Mehrotra akamkumbatia Kaka. "Mkono wa dhahabu!" Kaka akainamisha kichwa, mnyenyekevu kweli kweli. Baba akatazama chai yake. Mama akaniambia nilete sambusa.

Nikaleta.

Jumanne, 11 Juni

Kesho Bwana Mehrotra anakuja na wageni. Wanataka kumwona Kaka akifungua jicho la mungu wa kike aitwaye Sita, kwenye picha mpya, mbele yao. Kaka alikubali! Angesema nini?

Hajala tangu asubuhi. Sasa hivi yupo mlangoni kwangu na brashi. Hajawahi kubisha hodi kwenye mlango huu.

"Dada, nielekeze tu. Mara moja. Dada yangu mpenzi."

Wiki iliyopita nilikuwa bibi harusi.

Nimemjibu bila kugeuka: "Hiyo ni siri ya ukoo wenu, Kaka. Mimi ni wa kwenda kwa watu."

Hajaondoka. Na sasa nasikia kandambili za Baba ukumbini — zimekuja hadi mlangoni, zimesimama. Mimi naandika tu, ili mkono uwe na kazi, mpaka Baba aseme jicho hilo litakuwa kwa jina langu.