Chungu Kwenye Ubao wa Steji

Jumatatu, 3 Machi

Programu nne za mazishi, kadi mbili za harusi, kisha ubao wa steji ya magari. Printa inalia kama mbuzi lakini inafanya kazi. Ramani ya magari ya Busia imekamilika na aki ni nzuri. Wacha nijisifu, hakuna mwingine wa kunisifu humu dukani. Malaba laini nyekundu, Sio Port kijani, Amukura hudhurungi, Amagoro rangi ya machungwa. Rangi alichagua mwenyekiti wa chama cha magari mwenyewe, baada ya vikao vitatu na chai nyingi. Abiria anapewa tiketi ya rangi ya gari lake, basi. Emase, fundi wangu wa mambo ya simu, ameweka ramani hiyohiyo kwenye app. Anasema hata asiyejua kusoma hatapotea.

Kesho majaribio.

Jumanne, 4 Machi

Tumepoteza kwaya.

Kwaya nzima. Watu kumi na wawili, nguo za satini, ngoma mbili. Wageni kutoka Kisumu, walikuwa wanaenda kuimba mkutano wa injili Sio Port. Mzee Barasa, karani wa steji, akawapa tiketi nyekundu. Makanga wa gari la Malaba akaona nyekundu, akawapakia, twende. Walishtuka walipokuta foleni ya malori ya mpakani pale walipotarajia ziwa. Inasemekana waliimba hukohuko wakingoja gari la kurudi, na madereva wawili wa malori wameokoka.

Mwenyekiti hakucheka. Mzee Barasa amepanga magari tangu mimi nikivaa sare ya shule, na sijasikia amekosea. Leo amekosea mara tatu. Mwenyekiti akasema mbele ya watu wote: Jumatatu ijayo ni jaribio la mwisho. Tiketi moja ikienda kombo, mzee arudi nyumbani akachunge ng'ombe. Mzee alishika tu kofia yake.

Nimemkasirikia. Ramani yangu hata mtoto anaielewa.

Jumatano, 5 Machi

Nilienda steji kumfundisha. Nikamwambia afuate laini nyekundu. Akauliza, "Ni ipi kati ya hizo mbili?" Nikadhani ananicheza. Nikamjibu vibaya, siandiki nilivyomjibu. Akasema, "Sawa, mama," akaenda kupanga gari la Amukura.

Emase anasema ni ukaidi wa uzee. Nikakubali.

Alhamisi, 6 Machi

Mimi ni mjinga. Niandike tena: mjinga.

Wino wa rangi uliisha. Mwenyekiti alitaka ramani za kugawia abiria, nikazipiga fotokopi nyeusi. Nikaokota ya kwanza. Laini ya Malaba na ya Sio Port zimetoka kijivu kilekile. Nikaipeleka karatasi mlangoni kwenye mwanga. Kijivu na kijivu. Ningekuwa mgeni ningefika Malaba na ngoma zangu.

Ni ipi kati ya hizo mbili. Jameni.

Nilifunga duka saa nne asubuhi nikaenda steji. Mzee alikuwa anakunywa chai. Nikamuomba msamaha, kisha nikamuuliza polepole. Akatazama huku na huku, akaniambia. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, rangi ya udongo. Amezaliwa hivyo. Utotoni alitumwa shambani alete nyanya zilizoiva, akaleta mbichi. Akachapwa, akatumwa tena, akaleta mbichi. Tangu hapo hajanunua nyanya, mkewe ndiye huchagua.

Na magari? Akacheka. La Sio Port linanuka omena, dagaa wa ziwani, hata likioshwa. La Amukura lina magunia ya mihogo juu. La Amagoro limejaa watu walioshika bahasha, wanaenda ofisi za serikali. Na la Malaba, makanga wake hajawahi kunyamaza. Miaka yote alikuwa anapanga kwa pua na masikio, sisi tukaja kumletea rangi.

Amenikataza kumwambia mtu yeyote. "Wakijua watasema mzee ni kipofu." Nimeahidi. Roho inaniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Emase ramani inabadilika, sababu asiniulize. Kila njia ipate mchoro wake. Laini nazo zisifanane: moja nene, moja ya nukta, moja mistari miwili, moja ya mawimbi. Akauliza hata hivyo. Kisha akaweka simu yake iwe nyeusi na nyeupe, akaitazama app yake kwa dakika nzima, akasema, "Wacha!" Hajauliza tena. Ana akili huyo.

Michoro mzee ameshanipa bila kujua. Omena ya Sio Port. Lori la Malaba. Muhuri wa Amagoro, na makanga wao leo wanatembea kama machifu. Shida ni Amukura. Nilichora muhogo, dereva akasema unafanana na mguu uliovunjika. Emase, ambaye kwao ni hukohuko, akataka chungu cha pombe na mirija yake mirefu, vile wazee wao hukaa wakikizunguka. Shemasi mmoja aliyekuwa anasubiri gari akasikia. Akaapa hatapanda gari la chungu cha pombe hadi kiama. Wakabishana mpaka gari likajaa watu waliokuja kusikiliza tu.

Nimechora chungu bila mirija. Shemasi anaona maji. Wengine wanaona wanachokiona. Amani.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenyekiti amekataa. Ubao ni wake, rangi ni zake, na wageni wa Jumatatu ameshaalika. Akataka sababu. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akasema kitaalamu kitu gani? Ahadi imenifunga mdomo. Nimelia kidogo nyuma ya printa, kwa hasira. Mzee wa watu atafukuzwa kwa sababu ya ramani yangu mimi.

Jumapili, 9 Machi

Kutoka kanisani nilienda moja kwa moja steji, na ngazi, na viatu vyangu vizuri. Emase alishika ngazi. Tumechora yote minne kwenye ubao, kisha kwenye kadi za magari na kila tiketi. Bila ruhusa. Naogopa na nina furaha. Gauni limeharibika, lina nusu ya lori begani.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenyekiti alishuka kwenye gari lake na wageni wake, akasimama. "Nani amechora chungu kwenye ubao wangu?"

Steji ikanyamaza, hata makanga wa Malaba. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, nimeukariri usiku. Lakini Mzee Barasa akanitangulia. Akavua kofia. "Amechora kwa ajili yangu. Nyekundu na kijani mimi sizijui. Nimewapanga miaka yote hii kwa pua."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha makanga wa Sio Port akainua mkono, akanusa kwapa lake, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Watu wakaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote. Mama muuza ndizi akasema hata kaka yake yuko hivyo, na nyumbani walikuwa wanamwita mvivu wa kuangalia.

Mwenyekiti akasema tutaona. Akasimama kando ya mzee tangu asubuhi hadi saa kumi, hakula. Omena, lori, muhuri, chungu. Hakuna tiketi iliyoenda kombo. Hata moja! Mwishowe akamkabidhi mzee daftari la zamu, akasema, "Kesho usichelewe." Yule hajui kusema pole, ndivyo alivyo. Niliruka palepale steji kama mwendawazimu, na sijali nani aliona.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Programu moja tu ya mazishi. Printa imetulia.

Mzee Barasa alipita na mfuko wa karatasi, akauweka mezani. Amechagua mwenyewe sokoni, anasema, kwa kuzibonyeza moja moja huku mwenye kibanda akimgombeza. Aliondoka kabla sijafungua.

Nyanya tano. Nne zimeiva vizuri, nimezikatia kachumbari. Ya tano nimeiweka dirishani. Kufikia Jumapili itakuwa tayari.